Saa Nane ya Mchana

Watu wa darajani walimwita Bwana Chupa, na mkewe akikasirika alimwita hivyohivyo. Kazi yake ilikuwa kuchota maji ya mto na kuyapima. Mara tatu kwa siku, saa mbili asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni, alishuka ngazi za mawe chini ya daraja akiwa na kikapu cha waya chenye chupa sita. Alipiga goti kwenye ngazi ya mwisho, akaizamisha chupa ikiwa imeelekea mkondo unakotoka, akaifunga ikiwa bado ndani ya maji ili hewa isiingie. Kisha alichovya ukanda mdogo wa karatasi ya kupimia. Karatasi hiyo ilikuwa ya njano. Ikibaki njano, maji ni mapole. Ikigeuka kijani, yana ukali kidogo. Ikigeuka buluu, afadhali mtu asinawe hata uso.

Kila alichokiona alikiandika mara mbili. Mara ya kwanza kwenye fomu ya ofisi, yenye visanduku vidogo kama meno ya mtoto. Mara ya pili kwenye daftari lake mwenyewe lenye jalada gumu, ambalo hakuna aliyemtuma kuliandika. Kwenye daftari aliandika kwa kirefu: "Jumanne, saa nane mchana, karatasi buluu, harufu ya nywele mbichi na chokaa, povu upande wa kushoto." Kwenye fomu, mahali pa saa, aliandika 8.

Hilo la tarakimu hakulitunga yeye. Siku ya semina, mtaalamu aliyekuja na kompyuta yake begani aliwaambia wapimaji wote, "Ndugu zangu, kwenye kisanduku ni tarakimu tu. Sitaki asubuhi, sitaki mchana, sitaki jioni. Mashine haili maneno." Watu walicheka, na Bwana Chupa akacheka, na tangu siku hiyo hakuilisha mashine neno hata moja. Angeambiwa aandike kwa mkono wa kushoto, angejifunza.

Mji wakati huo ulikuwa unakua kama mtoto anayepita nguo zake. Ukiondoka wiki mbili kumuuguza mtu, ukirudi unakuta ghorofa mahali palipokuwa na kiwanja cha mpira. Viwanda vilijipanga kando ya mto kama watu kwenye foleni ya maji, na mto ndio uliobeba taka za wote. Ulikuwa mweusi, una povu, na waliovuka daraja walifunga pua kwa kiganja. Ndipo serikali ikatangaza kuusafisha. Mwaka wa kwanza yalitolewa yanayoonekana: matairi, mifuko, milango ya magari, na jokofu zima ambalo ndani yake palikutwa kuku wawili wakilalia mayai. Watu walishangilia ukingoni. Mwaka wa pili ikaja kazi ya kutafuta uchafu usioonekana na anayeumwaga. Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo zote za daraja: atakayekutwa anautia mto sumu ataondolewa kando ya mto, awe mkubwa, awe mdogo.

Mwendo wa dakika kumi kutoka darajani, kuelekea mto unakotoka, palikuwa na uwanja wa rangi. Wanawake kumi na wawili walitia rangi vitambaa hapo. Walichovya kwenye mapipa, wakasuuza mtoni, wakakamua wawili wawili kama watu wanaovutana kamba, wakaanika. Kiongozi wao alikuwa dada yake Bwana Chupa, aliyeitwa Mama Rangi. Ukiupita uwanja huo, baada ya kona ya mto, palikuwa na kiwanda cha ngozi, na ukuta wake mrefu ulikuwa na chupa zilizovunjwa juu.

Mama Rangi ndiye aliyemlea. Wazazi wao walipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na saba, mdogo wake tisa. Aliingia uwanja wa rangi wiki hiyohiyo, na mikono yake ikawa buluu mpaka viwikoni na haikurudi tena. Siku alipokwenda kumwandikisha mdogo wake sekondari, mwalimu mkuu aliiangalia mikono ile, akairudisha yake mfukoni badala ya kumpa.

"Si ugonjwa, mwalimu," Mama Rangi alimwambia. "Hii ndiyo ada."

Kijana alisoma mpaka kidato cha nne. Akawa karani kwenye ghala la mbao, kisha mpimaji wa mto. Kila asubuhi, akishamaliza chupa zake, alipanda kwa miguu hadi uwanjani kunywa chai na dada yake. Wale wanawake walimsubiri kumtania.

"Bwana Chupa, mgonjwa wako leo anaendeleaje?"

"Asubuhi hajambo. Kakijani kidogo."

"Na mchana?"

"Mchana ana homa. Jana saa nane alikuwa buluu tupu."

"Basi aliolewa na kiwanda huyo," mmoja alisema, wakacheka wote, naye akaona aibu kana kwamba ametoa siri ya ofisi. Dada yake alimsukumia kikombe. "Kunywa, mdogo wangu. Waache. Wewe andika unachokiona tu, hakuna atakayeonewa."

Hivyo ndivyo walivyoamini pale uwanjani. Wengine kando ya mto walikuwa na wasiwasi na lile tangazo, waosha magari, wafua nguo, wafyatua matofali. Wanawake wa rangi walilala usingizi. Mpimaji alikuwa mtoto wao.

Taarifa ilisomwa katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wakiwa wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Aliyeisoma alikuwa Mhandisi wa mto, mtu mpole aliyehamishiwa pale mwaka uliotangulia. Ratiba ya kuchota maji aliikuta imeshapangwa. Alitundika shuka jeupe ukutani, mashine ikalimulika, na juu yake ukaonekana mstari mwekundu unaopanda kama kilima kikali na kushuka. Chini palikuwa na maandishi madogo kama chawa.

"Uchafu unapanda mara moja kwa siku," Mhandisi alisema. "Unapanda saa mbili asubuhi. Saa hiyo kiwanda kinawasha mitambo tu, hakijamwaga hata ndoo. Swali ni hili: saa mbili asubuhi, nani yuko ndani ya maji?"

Kila mtu alijua. Saa mbili asubuhi, aliyevuka daraja aliwaona wanawake kumi na wawili wakiwa mtoni hadi magotini, wakisuuza vitambaa vilivyotoka kwenye rangi na magadi makali.

Bwana Chupa alikuwa amekaa dawati la nyuma. Aliukodolea macho ule mstari. Aliyajua yale mapanda-shuka kama mtu anavyowajua wanawe hata wakiwa wamempa mgongo. Lakini saa? Yeye homa ya mto aliiona mchana. Kabla hajalifikisha wazo mwisho, alisikia Mhandisi akimwita.

"Mpimaji wetu yupo. Hebu simama kaka. Hizi ni namba zako?"

Alisimama, dawati likampanda mapajani. Watu wote waligeuka. "Ni zangu," alisema. Na zilikuwa zake kweli.

Usiku ule alilitafuna lile jambo, na kulipokucha alikuwa amepata jibu. Wataalamu wamesoma. Hawawezi kukosea kitu kidogo kama saa, basi iliyokosa ni akili yake. Akakumbuka kwamba maji yanatembea. Uchafu ukimwagwa juu saa mbili, lazima uchukue muda kufika darajani, hasa mto ukiwa umelegea. Yeye anauona saa nane, wao wamepiga hesabu ya kurudi nyuma mpaka ulipotoka. Jibu lilikaa vizuri kichwani mwake, kama kizibo kwenye chupa. Hakumuuliza mtu.

Uwanjani siku hiyo chai haikuwepo. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya mapipa yaliyofunikwa, vitambaa vya jana bado kambani. Aliyekuwa mdogo kuliko wote, mwenye mdomo mkali, alikuwa amesimama.

"Tunakwenda kukaa mlangoni kwa ofisi ya mto," alisema. "Na mapipa yetu. Watupime sisi wenyewe, mmoja mmoja. Watuoneshe hiyo sumu."

"Ngojeni," Mama Rangi alisema. Alimvuta mdogo wake pembeni, nyuma ya kamba, wakawa katikati ya vitambaa viwili. "Niambie mimi. Acha ofisi. Wewe uliniambia mchana. Jana wakasema asubuhi. Ni sisi, au si sisi?"

"Maji yanatembea, dada."

"Yanatembea kwenda wapi?"

"Yanatoka hapa asubuhi, yanafika darajani mchana. Mimi nayakuta kule yameshafika. Wao wamehesabu yalikotoka."

"Kutoka hapa mpaka darajani, masaa sita? Mimi nikiangusha sabuni hapa, kabla sijamaliza kulaani imeshapita daraja."

"Sabuni inaelea. Sumu ni nzito, inakokota chini."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayejua, nalo alikuwa amelibuni pale pale. Mama Rangi alimtazama usoni kwa muda, kama anayetafuta doa kwenye kitambaa. Kisha aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Kwa hiyo ni sisi," alisema.

"Ndivyo namba zinavyosema."

Alirudi kwa wenzake. Bwana Chupa alimsikia kutoka nyuma ya kitambaa. "Hatuendi ofisini. Mdogo wangu hakosei. Nimemlea mimi, tangu mtoto akihesabu viazi anahesabu mara mbili. Kama ni sisi tunaoutia mto sumu, tutakaa vipi mlangoni kwa watu tukipiga kelele? Tuna watoto wanaokunywa maji haya huko chini." Yule mwenye mdomo mkali alitaka kusema. Mama Rangi alimwambia, "Mwanangu, nakuomba." Akanyamaza. Wote kumi na mmoja walinyamaza, kwa kumheshimu yeye.

Waliondoka mwisho wa mwezi bila fujo. Siku ya kuhama hawakuruhusiwa kumwaga mapipa mtoni, kwa hiyo walichimba shimo, na rangi za buluu, za zambarau na za majani makavu zikamwagwa humo pamoja, zikatoa kitu cheusi ambacho hakuna aliyewahi kukitengeneza. Walipewa sehemu nyingine nje ya mji, nyuma ya machimbo ya kokoto. Palikuwa na uwanja mzuri wa kuanika, na bomba lililotoa maji siku mbili kwa wiki. Lakini mtia rangi bila maji ni kama fundi nguo bila uzi. Kitambaa kilichokosa kusuuzwa siku hiyohiyo kilitoka na mabaka, na wateja walikikataa. Wa kwanza kuacha aliacha kabla ya mwezi wa pili. Mwezi wa tano walibaki watatu. Mwezi wa saba Mama Rangi alikuwa peke yake na mapipa kumi na mawili yaliyopinduliwa.

Wenzake hawakuja hata kumjulia hali. Maneno yalikuwa yameanza kuzunguka, na maneno hayana mtu wa kuyapima. Yalisema kwamba Mama Rangi aliwazuia kwenda ofisini ili mdogo wake asipoteze kazi. Yalisema dada na kaka walikuwa wamepanga. Aliyasikia sokoni, yakisemwa na watu wasiomjua, huku akichagua vitunguu.

Mto nao haukupona. Bwana Chupa alishuka ngazi kama kawaida, na saa nane mchana karatasi iligeuka buluu kama kawaida. Mwanzoni alijiambia ni masalio ya rangi kwenye tope. Tope lina kumbukumbu ndefu, alijiambia. Aliandika 8, akaandika daftari, akapanda ngazi. Chai alikunywa peke yake kwenye kibanda cha mlinzi wa daraja.

Mwaka ulipogeuka, palipokuwa uwanja wa rangi palizinduliwa bustani. Paliwekwa sakafu ya saruji, viti vya chuma na taa zenye vichwa vya duara. Wageni walikuja, hotuba zikasomwa, na watumishi bora wakaitwa mbele kupewa vyeti. Jina lake lilipotajwa alikwenda akijifunga kifungo cha koti. Mtangazaji alikisoma cheti kwa sauti kubwa.

"Kwa moyo wake wa kujitolea, akichota maji kila siku bila kukosa, asubuhi na mchana, na hata saa nane za usiku wakati sisi wengine tumelala."

Makofi yalipigwa. Mlinzi wa daraja alimpigia kelele kutoka nyuma, "Bwana Chupa, kumbe usiku unanikimbia! Mbona sijawahi kukuona?" Watu walicheka. Yeye pia alianza kucheka, akaacha katikati. Hajawahi kuchota maji saa nane za usiku hata siku moja. Nani amesema saa nane za usiku?

Hakungoja soda. Alitembea mpaka ofisi ya mto akiwa na cheti mkononi, akaingia chumba cha karani wa kompyuta, mama wa makamo ambaye miwani yake ilifungwa uzi upande mmoja.

"Hongera," karani alisema. "Mbona umerudi mapema?"

"Naomba nione namba zangu. Za siku yoyote."

Karani alibonyeza, akageuza kioo kimwelekee. "Hizi hapa. Ya kwanza sifuri mbili. Ya pili sifuri nane. Ya tatu kumi na mbili."

"Sifuri mbili ni saa ngapi?"

"Saa nane ya usiku."

"Na sifuri nane?"

"Saa mbili asubuhi. Mbona unatoka jasho?"

"Mama, mimi saa nane ya usiku nakuwa nimelala."

"Lakini si umeandika mbili?"

"Nimeandika mbili. Saa mbili."

"Ndiyo. Mbili." Kidole chake kilikuwa bado kwenye kioo. Kikabaki hapo. Taratibu alivua miwani, akaiweka juu ya meza, na bila miwani uso wake ulionekana mchanga na wenye hofu. "Na hii nane..."

"Saa nane mchana. Baada ya chakula. Wanapobadilishana zamu kiwandani."

Nje mtu alikuwa anaburuta kiti.

"Miaka miwili na nusu nimeingiza fomu hizi," karani alisema. "Nyumbani nikiulizwa saa, nasema saa mbili. Nikikaa kwenye kiti hiki nasema sifuri nane. Sikuwahi kujiuliza wewe mwenzangu umekaa kiti gani."

Mhandisi hakubisha. Alilinganisha daftari la Bwana Chupa na mashine kurasa ishirini, kisha akalifunga na kuuweka mkono wake juu ya jalada. Wiki iliyofuata alikwenda kiwandani mwenyewe saa saba na nusu mchana, bila taarifa. Zamu ya asubuhi ilikuwa inafungua mabirika ya chokaa wanayolowekea ngozi ili nywele zitoke, na maji yake yalikuwa yanaingia mtoni kwa bomba lililozikwa chini ya usawa wa maji, mahali ambapo hapaonekani kutoka ukingoni. Kiwanda kilisimamishwa mpaka kijenge mabwawa ya kusafishia. Miezi minne baadaye, saa nane mchana, Bwana Chupa alichovya karatasi na ikabaki njano. Alichovya ya pili. Njano. Alikaa kwenye ngazi, akainamisha kichwa kwenye kikapu cha chupa, na mlinzi wa daraja alipomuuliza kama anaumwa, alisema hapana, ni jua.

Kwa dada yake alikuwa bado hajaenda. Alijiambia hawezi kwenda mikono mitupu. Mhandisi alikuwa ameandika barua kuomba wanawake wale warudishiwe uwanja wao, naye alitaka kwenda na jibu la barua hiyo. Jibu lilikuja katika mistari mitatu: eneo limeshapangiwa matumizi mengine, na waliohamishwa walipewa eneo mbadala. Hapo ndipo alipokwenda, na mikono ileile mitupu.

Alimkuta amekaa mlangoni juu ya pipa lililopinduliwa, akichambua mchele kwenye ungo. Alichokiona kwanza ni mikono. Buluu ilikuwa imeondoka. Ilibaki kwenye kucha tu na kwenye mikunjo ya vidole, na viganja vilikuwa na rangi ya viganja vya mtu yeyote. Hakuwahi kuviona hivyo tangu utotoni.

"Karibu," alisema. "Vuta pipa. Yapo mengi."

Alimweleza yote, tangu semina mpaka karani. Alimweleza vizuri, kwa mpangilio, kama anavyoandika. Alipofika kwenye saa nane za usiku, Mama Rangi alitoa kicheko kifupi. "Yaani wamekuona mwizi wa maji! Usiku wa manane, na kikapu! Na hakuna hata mmoja aliyejiuliza?"

"Hakuna."

"Hata wewe mwalimu wako alikufundisha kuandika saa na wakati wake. Nakumbuka. Kwa hiyo si sisi."

"Si nyinyi. Haikuwa nyinyi hata siku moja."

Aliendelea kuchambua. Alitoa chuya moja, akaitupa, akatoa nyingine. "Mashine imekosea. Sawa. Karani amekosea, naye ni binadamu. Na lile la maji kutembea, lile nani alikwambia?"

Bwana Chupa alikuwa ameliacha hilo. Katika maelezo yake yote mazuri, hilo hakulitaja.

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Nilifikiri mwenyewe."

"Kwamba sumu inakokota chini."

"Nilifikiri mwenyewe, dada."

"Nami nilikuambia habari ya sabuni." Sauti yake haikupanda. "Miaka thelathini nimesimama kwenye maji yale. Nilikuambia. Ukanitazama hivi usoni, ukanijibu kama unajua."

"Nisamehe."

"Mimi ningeandika nini kwenye hilo daftari lako? Mimi sijui kuandika. Nilijua kwamba ukisema wewe, ni kweli. Ndiyo maana nikawanyamazisha wenzangu." Aliweka ungo chini. Machozi yalikuwa yanamtoka bila uso kubadilika, kama bomba lisilofungwa vizuri. "Yule mtoto alitaka kusema, nikamwambia mwanangu nakuomba. Unajua wananiita nini sasa? Nikipita wanasema, anapita huyo aliyeuza uwanja."

"Nitawaambia ukweli."

"Utamwambia nani? Gazeti?"

"Wao wenyewe."

"Wote kumi na mmoja," Mama Rangi alisema. "Nyumba kwa nyumba. Usiwaambie mashine. Mashine watacheka, kama nilivyocheka mimi, watakuonea huruma, basi. Waambie lile ulilonijibu mimi nyuma ya kitambaa. Waambie, 'Dada yenu aliuliza vizuri, na aliyemdanganya ni mimi.'"

Alianza Jumapili. Wengine aliwapata kwa urahisi, wengine kwa kuuliza maduka matatu. Mmoja alikuwa anauza mkaa, mmoja analea wajukuu, mmoja alikuwa amerudi kijijini kwao na ikambidi apande basi asubuhi na kurudi jioni. Walimpokea kila mtu kwa namna yake. Mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sisi tulishasahau," na akafunga mlango kabla hajainuka vizuri. Mmoja alilia na kumshika mkono, na hilo lilimuumiza kuliko mlango. Muuza mkaa alimfanya arudie mbele ya mumewe, kisha mbele ya jirani, kisha mbele ya mama mkwe, na kila mara alikatiza: "Sema pale pa sabuni. Sema tena." Alisema tena.

Wa tisa alikuwa yule mwenye mdomo mkali. Sasa alikuwa mfagiaji wa bustani ya mtoni, amevaa sare ya kijani, na fagio lake lilikuwa refu kumzidi. Saruji ilikuwa safi. Watu wawili walikuwa wamekaa kwenye kiti cha chuma wakitazama mto, na mto ulikuwa umeanza kuonekana chini, mawe na mchanga, kama enzi ambazo watu hawazikumbuki tena.

Alimweleza akiwa amesimama. Yule mwanamke alimsikiliza akiwa ameegemea fagio, macho yake yakiwa sakafuni, mahali palipokuwa na kamba za kuanikia.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi sogea nifagie."

Alisogea. Yule mwanamke alifagia pale Bwana Chupa alipokuwa amesimama, akafagia na pembeni yake, akaendelea na safu yake mpaka mwisho wa bustani bila kugeuka.

Jioni alipita kwa dada yake, kama alivyofanya baada ya kila nyumba. Mama Rangi alikuwa anawasha jiko. Hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Umempata?"

"Nimempata. Anafagia bustanini."

"Pale pale petu?"

"Pale pale."

Alipuliza moto mpaka ukakubali. "Amesemaje?"

"Amesema nisogee afagie."

Moshi ulimwingia Mama Rangi machoni, akageuza uso. "Alikuwa na mkono mwepesi wa kukamua yule," alisema mwishowe, si kwa kumwambia yeye hasa. Kisha akauliza, "Wamebaki wangapi?"

"Wawili."

"Kesho basi," alisema, na akaweka sufuria motoni.